Ilula ina marafiki Saint Paul. Sisi tuko wapi?

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi la Iringa, ukishaipita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni na kuupanda mlima Kitonga huku umeshikilia kiti cha mbele, utafika Ilula kabla hujaingia Iringa mjini. Ni mji mdogo wa wilaya ya Kilolo, na wasafiri wengi wanaujua kwa nyanya na vitunguu. Matenga yamepangwa kando ya barabara kuu, malori yanapakia, na wauzaji wanayakimbilia madirisha ya mabasi. Wachache wanajua kwamba mji huo una marafiki wa miaka mingi kwenye jiji la theluji, Saint Paul, Minnesota.

Nimekaa Minneapolis, ng'ambo ya mto tu, miaka kadhaa kabla ya kulisikia jambo hili. Nililisikia kwa bibi mmoja Mmarekani, mwalimu mstaafu. Alipojua natoka Tanzania alinishika mkono akasema, "Kamwene!" Hakuniambia ile "jambo" ya watalii. Alinisalimu kwa salamu ya Wahehe, na akasubiri nimjibu. Kumbe ameshakwenda Iringa mara kadhaa, analijua jina la mwinjilisti wa kijiji, na anajua bei ya mbolea ilivyopanda. Mimi sikuwa nimefika Kilolo hata siku moja.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia mashirika yasiyo ya faida ya Minneapolis na Saint Paul yanayohudumia miji midogo na vijiji vya kwetu. Nayaandika hapa kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunatuma pesa nyumbani kila mwezi bila kujua kwamba jirani yetu wa Kimarekani naye anachangia wilaya ileile. Pili, vikundi vyetu vya nyumbani vingi vinafikiria kusajili shirika lao wenyewe, na kuna mambo ya kujua kabla ya kuchukua hatua hiyo.

Bega kwa Bega

Uhusiano wa Saint Paul na Iringa ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Waliouanzisha ni Walutheri wa pande mbili: Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, na Sinodi ya Eneo la Saint Paul ya kanisa la Kilutheri la Marekani, ELCA. Jina la uhusiano huo halikutafsiriwa. Hata Wamarekani wenyewe wanauita Bega kwa Bega, na ukiingia kwenye baadhi ya makanisa ya Saint Paul na vitongoji vyake utaona maneno hayo ukutani pamoja na picha za usharika wa Tanzania.

Utaratibu wake ni rahisi kuuelewa. Usharika wa Minnesota unaunganishwa na usharika wa Iringa. Wanaandikiana, wanaombeana, wanatembeleana. Wageni wakifika kijijini wanapewa zawadi, iwe kuku, mayai au kitenge, na wenyeji nao wakija Minnesota wanalala kwenye nyumba za watu, si hotelini. Pesa zinazochangwa huku zinakwenda zaidi kwenye karo za wanafunzi wa sekondari na kazi za dayosisi.

Ninaloliheshimu katika mpango huu ni muda. Wapo watu waliokwenda Iringa wakiwa vijana na sasa wanawapeleka wajukuu wao. Mradi wa miaka mitatu ukiisha, gari linaondoka na kibao kinabaki kando ya barabara. Urafiki wa zaidi ya miaka thelathini unamruhusu mwenyeji kusema, "Hapana, hilo hatulihitaji," bila kuogopa kwamba mgeni hatarudi tena.

Maji, mkopo na wodi

Kutokana na uhusiano huo yalizaliwa mashirika mengine, kila moja na kazi yake.

St. Paul Partners inashughulika na maji mkoani Iringa: visima virefu, pampu na mabomba. Chuo Kikuu cha Minnesota kimekuwa na kozi ya uhandisi ambayo wanafunzi wake wanasafiri hadi Iringa, wanakaa na wanakijiji, wanapima chanzo cha maji, kisha wanachora mradi. Mwanafunzi unayesoma uhandisi hapa, zingatia hilo. Wenzako wanasafiri saa nyingi kwenda kuuliza maswali kwa mkalimani, na wewe Kiswahili unacho tayari.

Kazi ya maji inafundisha jambo moja kubwa, kwamba kuchimba ni sehemu nyepesi. Ugumu unaanza siku pampu inapoharibika. Nani ana spea? Nani anakusanya pesa ya matengenezo? Tangu sheria ya maji ya 2019 ilipoanzisha RUWASA, maji ya vijijini Tanzania yana mwenyewe kisheria, na kila mradi unatakiwa uwe na chombo cha watumia maji cha jamii yenyewe. Shirika la nje linalochimba bila kupitia huko linaacha kisima yatima.

Iringa Hope imechukua njia ya mkopo. Inasaidia vyama vya kuweka na kukopa, SACCOS, ili mkulima apate mkopo wa mbegu na mbolea bila kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Mkulima wa nyanya anajua kwa nini hili ni muhimu. Nyanya haisubiri. Asiye na mtaji huuza zikiwa bado shambani, kwa bei ya dalali.

Halafu kuna hospitali. Hospitali ya Kilutheri ya Ilula iko karibu na barabara kuu, na kwa miaka mingi madaktari, wauguzi na wanafunzi wa udaktari kutoka Minnesota wamekuwa wakienda kufanya kazi na kujifunza pamoja na wenzao wa pale. Mgonjwa anayefika haulizwi dini. Anaweza kuwa mama mjamzito kutoka kijiji cha mlimani au utingo aliyeumia Kitonga. Kwa mji mdogo, hospitali ya namna hii inaamua mengi: kama daktari atakubali kuhamia huko, kama mwalimu atabaki, kama mzazi wako atatibiwa karibu au atasafirishwa usiku kwenda mjini.

Si Iringa pekee

Minneapolis na Saint Paul zina mengine. Global Volunteers, yenye makao yake Saint Paul, ilianzishwa mwaka 1984, na imefanya kazi na kijiji cha Pommern, kisha Ipalamwa, vyote vya nyanda hizohizo za juu. Operation Bootstrap Africa ya Minneapolis ilianza mwaka 1965 kwa kusaidia wanavijiji wa Tanzania kujenga madarasa. Baadaye ikawa mdhamini mkubwa wa shule ya sekondari ya wasichana wa Kimasai huko Monduli, iliyofunguliwa mwaka 1995.

Books For Africa, nayo ya Saint Paul, ilianza mwaka 1988 baada ya mfanyabiashara wa vitabu, Tom Warth, kutembelea maktaba ya Jinja, Uganda, na kukuta rafu karibu tupu. Leo inatuma makontena barani kote. Kontena moja la futi 40 hubeba takriban vitabu 22,000. Lakini kontena halijisafirishi. Anayeliomba hutafuta fedha za usafiri, na upande wa pili lazima awepo mtu wa kulitoa bandarini, kulipia lori na kuvigawa vitabu. Vikundi vya wahamiaji vimeshiriki kazi hii, na vilivyofanikiwa ni vile vilivyokuwa na mtu mwaminifu bandarini kabla kontena halijaondoka Marekani.

Picha zinazotuhusu

Kuna jambo linaloniuma, na nadhani litamgusa mzazi yeyote anayelea watoto huku. Mashirika yanahitaji michango, na mchango huombwa kwa picha. Mtoto wa miguu peku, inzi usoni, kibuyu kichwani. Mtoto wetu aliyezaliwa hapa anaiona picha hiyo kwenye skrini shuleni au kanisani, na wenzake wanamgeukia wamwangalie.

Mashirika niliyoyataja yamejifunza kwa viwango tofauti. Yapo yanayoonyesha fundi akifunga pampu, mama akihesabu hisa zake za SACCOS, muuguzi akiandika kwenye faili. Yapo ambayo bado yanaona huruma inauza kuliko heshima. Tukikaa kimya, hawatajua. Mama mmoja wa kikundi chetu aliandika barua fupi kwa waandaaji wa hafla fulani. Hakulaumu. Aliwauliza tu, "Je, mzazi wa mtoto huyu aliombwa ruhusa? Na picha hii mngeiweka kama mtoto angekuwa wa kwenu?" Mwaka uliofuata picha zilibadilika.

Mwaka 2025 ulituonyesha nini

Mambo mawili yaliyotokea hivi karibuni yamefanya habari ya mashirika haya kuwa nzito zaidi.

La kwanza ni misaada ya serikali ya Marekani. Januari 2025 misaada mingi ya nje ilisimamishwa, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikaacha rasmi kuisimamia. Kwa Iringa hili si suala la siasa za mbali. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 ulionyesha kwamba asilimia 11.1 ya watu wazima wa mkoa huo wanaishi na virusi vya ukimwi, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Njombe, mkoa jirani, ni asilimia 12.7. Kwa miaka mingi huduma za upimaji na dawa ziliegemea sana fedha za Marekani. Hakuna kanisa wala kikundi cha WhatsApp kitakachoziba pengo la ukubwa huo, na tusidanganyane kwamba tunaweza. Tunachoweza ni kuhakikisha kidogo kinachotoka kwetu hakipotei njiani.

La pili limetokea hapahapa. Mwaka 2022 waendesha mashtaka wa serikali kuu waliwashtaki watu 47 katika kesi ya Feeding Our Future, shirika lisilo la faida la Minnesota lililopewa fedha za chakula cha watoto wakati wa korona. Walisema wizi huo ulifikia dola milioni 250. Washtakiwa waliongezeka baadaye, na Machi 2025 mahakama jijini Minneapolis ikamtia hatiani mwanzilishi wa shirika hilo. Wengi wa walioshtakiwa walikuwa na asili ya Afrika Mashariki, na sote tunajua kilichofuata: tuhuma zilimwagikia hata wasiohusika, na vikundi safi vya wahamiaji vikaanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Ukitaka kuomba fedha za mji wako leo, makaratasi yako yatasomwa mara mbili. Huenda ni uonevu, lakini ndiyo hali iliyopo.

Kabla ya kusajili shirika letu

Wahenga walitutangulia katika mambo haya. Pwani kulikuwa na wakfu, bara kulikuwa na msaragambo, na Kenya wana harambee. Kuchangiana tumekujua tangu zamani. Kigeni kwetu ni fomu.

Kikundi kimoja cha nyumbani ninachokijua kilichanga kwa miezi mingi kwa ajili ya zahanati. Pesa zilipita kwenye akaunti ya mtu mmoja, mwaminifu kabisa. Mtu huyo akaugua ghafla. Akaunti ikafungwa, familia yake haikujua pesa ipi ni ya nani, na urafiki wa miaka mingi ukaingia doa. Hakuna aliyeiba hata senti. Ilikosekana karatasi tu.

Ukiamua kusajili shirika Minnesota, hatua zake ni hizi. Bodi iwe na watu wasiopungua 3. Hati ya kuanzishwa inapelekwa kwa Katibu wa Jimbo, ada yake dola 70 kwa posta au 90 kwa mtandao, na kila mwaka unahuisha usajili. Kisha unaomba msamaha wa kodi kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, chini ya kifungu cha 501(c)(3). Shirika dogo linalotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka linaweza kutumia fomu fupi, 1023-EZ, ya dola 275. Fomu ndefu ni dola 600. Ukikusanya zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka, au ukiwa na wafanyakazi wa kulipwa, unajisajili pia kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Na kila mwaka unapeleka taarifa IRS, hata kama ni ile kadi fupi ya mtandaoni ya mashirika madogo. Ukikaa miaka 3 mfululizo bila kupeleka, msamaha wa kodi unafutika wenyewe.

Kwa kikundi cha familia kumi na tano, huo ni mzigo. Mweka hazina wetu, ambaye wote tunamwita Mjomba, alitusikiliza tukibishana jioni nzima kisha akauliza, "Sasa ninyi mnataka shirika, au mnataka zahanati ipate dawa?" Tulinyamaza. Jibu lilituonyesha njia ya tatu: kuwa chini ya mwavuli wa shirika lililokwisha kusajiliwa, ambalo linapokea michango, linatoa risiti na kutunza hesabu, na kukata asilimia iliyokubaliwa. Njia ya nne ni rahisi zaidi, yaani kujiunga na shirika ambalo tayari linafanya kazi mahali penu na kuomba kiti kwenye kamati. Wamarekani wengi wa kamati hizo wangefurahi kupata mtu anayejua kusoma barua ya mtendaji wa kata bila kamusi.

Kuhusu kodi, mambo matatu ya kukumbuka. Ukimtumia pesa shangazi au zahanati moja kwa moja, huwezi kuzipunguza kwenye kodi yako ya Marekani. Ukichangia shirika lenye 501(c)(3), unaweza, na kuanzia mwaka wa kodi 2026 hata asiyeorodhesha makato anaruhusiwa kupunguza hadi dola 1,000 za michango ya fedha, au 2,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. La tatu: kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje kwa noti taslimu au hundi za kununua dukani. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya hapa, kodi hiyo haikuhusu. Muulize mhasibu wako kabla ya kujaza fomu.

Maswali ya kumuuliza yeyote anayekuomba mchango

Awe Mmarekani au ndugu yako wa damu, maswali ni yaleyale.

Nani mjini kwenyewe aliomba mradi huu, na ana cheo gani? Pesa zinaingia akaunti ya nani, na wangapi wanaweka saini? Mradi ukiharibika baada ya miaka 2, nani atautengeneza na kwa fedha gani? Halmashauri ya wilaya inajua? Taarifa ya mwaka jana iko wapi?

Swali la mwisho unaweza kulijibu mwenyewe. IRS ina ukurasa wa bure wa kutafuta mashirika yenye msamaha wa kodi, na taarifa za mashirika makubwa zinaonyesha mapato, matumizi na mishahara ya viongozi. Mpe kijana wako wa sekondari kazi hiyo Jumamosi moja. Atajifunza hesabu, Kiingereza cha ofisini na habari za kwao kwa mpigo.

Pa kuanzia

Novemba kila mwaka Minnesota huwa na siku ya kutoa, Give to the Max Day, iliyoanza mwaka 2009. Mashirika mengi ya jimbo hili, makubwa na madogo, huomba michango siku hiyo kupitia tovuti moja. Familia inaweza kukaa mezani, watoto wakachagua mji mmoja wa nyumbani, wakalitafuta shirika linalouhudumia, wakauliza yale maswali, kisha wakatoa hata dola kumi. Mtoto aliyeuliza "pampu ikiharibika je?" hatakuwa na aibu tena mbele ya picha ya skrini. Atakuwa na jambo la kuwaeleza wenzake.

Wanafunzi, ninyi mna kitu ambacho fedha hazikinunui. Tafsirini barua. Sahihisheni maelezo ya picha. Kaeni kwenye kikao cha kamati ya maji ya kanisa la mtaani kwenu, hata kama si dhehebu lenu, na mkisikia mtu akisema "watu wa kule hawajui," mwambieni kwa adabu ni kitu gani watu wa kule wanakijua.

Kikundi chetu kimechagua njia ya mwavuli. Saini ni tatu, mbili za hapa na moja ya mganga mfawidhi wa zahanati, na risiti zinapigwa picha siku hiyohiyo na kuwekwa ambapo kila mwanachama anaziona. Mjomba amekataa kuongezewa muda wa uweka hazina. Anasema kazi ya pesa za watu ipokezanwe kabla mtu hajaizoea. Mwezi ujao anamkabidhi daftari binti wa miaka ishirini na mbili, anayesoma uhasibu Saint Paul.